Nani anaamua Dar es Salaam iweje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanaotunga sera za jiji lenye afya

Maswali haya nimeyasikia kwenye mikutano ya mtaa, kwenye benchi za ofisi ya kata, na kwa majirani wanaonipigia simu mtaro ukifurika. Nimekaa kwenye kamati ya mazingira ya mtaa wetu kwa miaka kadhaa, na kila mvua ya masika yanarudi yaleyale. Soma kuanzia juu kama mambo haya ni mageni kwako. Kama una shida moja tu, nenda moja kwa moja kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mnaposema "sera ya jiji" mnamaanisha nini?

Ni uamuzi wa wenye mamlaka kwamba jambo fulani litafanywa kwa namna fulani, kwa pesa fulani, na kwamba mtu fulani atawajibika. Wengi hufikiria kitabu chenye nembo ya Taifa, lakini sera nyingi zinazokugusa zimo ndani ya sheria ndogo za halmashauri, ramani za mipango miji, majedwali ya bajeti na mikataba ya wazoa taka. Gari la taka likipita kwenu kila Jumanne, kuna kikao kilichoamua hivyo. Lisipopita wiki tatu, kuna mtu ambaye hakutimiza wajibu wake, na anaweza kutajwa kwa cheo.

2. Afya si kazi ya hospitali? Mtaro na barabara vinahusikaje?

Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianzia Kinondoni mwezi Agosti, kikaenea nchi nzima. Homa ya dengue ilitutesa jijini mwaka 2014 na tena 2019. Hospitali zilitibu waliougua. Lakini maji ya visima vilivyochimbwa karibu na vyoo, madimbwi ya mbu na vyoo vinavyotapishwa usiku wa mvua, hayo yote si ya daktari. Ni ya mipango miji, maji, barabara na serikali ya mtaa.

Historia yetu inalisema hili waziwazi. Baada ya mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na miji ikaanza kuendeshwa kutoka mkoani. Taka zilirundikana, mitaro ikaziba, na kipindupindu kilipozuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, Serikali ilikubali kwamba mji hauwezi kukaa bila halmashauri yake. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Napenda kuwakumbusha hili wale wanaoona baraza la madiwani ni mahali pa posho tu.

3. Dar es Salaam ina serikali ngapi? Wengine wanasema Jiji, wengine Manispaa.

Mkoa una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (ndiyo Ilala ya zamani), na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hadi Februari 2021 kulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokaa juu ya manispaa zote kwa mambo ya pamoja, kama vile dampo. Ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Kwa hiyo leo hakuna baraza moja la kuchaguliwa linaloliona jiji zima. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728, nasi tunapumua hewa moja na kumwaga maji kwenye mito ileile. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na daraja la Selander, wala hausimami kuuliza umefika manispaa gani. Naona hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika uendeshaji wa jiji letu.

4. Mkubwa ni nani: Meya, Mkurugenzi, Mkuu wa Wilaya au Mkuu wa Mkoa?

Meya huchaguliwa na madiwani wenzake na ndiye anayeongoza vikao vya baraza. Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Yeye ndiye mtendaji mkuu: anaajiri, anasaini mikataba, anatekeleza yaliyopitishwa. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa nao ni wateule wa Rais, na wanaiwakilisha serikali kuu. Hawapitishi bajeti ya halmashauri, lakini maagizo yao yana uzito mkubwa, na siku za dharura sauti yao ndiyo inayosikika kwanza.

Juu yao ipo Ofisi ya Rais, TAMISEMI, inayosimamia halmashauri zote nchini. Ukiuliza nani mkubwa, jibu linategemea jambo lenyewe. Sheria ndogo ya taka: baraza. Mkataba wa mzoa taka: Mkurugenzi. Agizo la kuondoa vibanda barabarani: mara nyingi ni Mkuu wa Mkoa (tazama swali la 18).

## Walio karibu na mlango wako

5. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na mjumbe wana tofauti gani?

Mwenyekiti wa mtaa mnamchagua wenyewe. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Mjumbe, au balozi wa nyumba kumi, ni kiongozi wa shina la chama. Mfumo wake ulianzishwa enzi za TANU, na ingawa si ofisi ya serikali, watu bado wanamwendea kwa sababu anajua nani anaishi wapi.

Mwenyekiti hana fungu la kujenga mtaro, na ni kumwonea kumlaumu kana kwamba analo. Anachoweza ni kuitisha mkutano wa mtaa na kuhakikisha hoja yenu imeandikwa kwenye muhtasari. Huo muhtasari ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nimeona hoja ya kivuko cha miguu ikipotea miaka miwili kwa sababu iliongelewa kwa hamasa lakini haikuandikwa popote, na ngazi ya kata haikuwa na cha kujadili.

6. Diwani anaweza kufanya nini hasa?

Mengi. Anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, anakaa kwenye Baraza la Madiwani, na anaingia kwenye kamati za kudumu. Kwa jiji lenye afya, kamati ya kuangalia ni ile ya Mipango Miji na Mazingira, ambako hujadiliwa mabadiliko ya matumizi ya viwanja. Kiwanja cha wazi ambacho watoto wenu wanachezea mpira kikigeuzwa kuwa cha biashara, mara nyingi karatasi zake zimepita hapo kabla hamjaona mabati ya uzio.

Madiwani pia hupitisha sheria ndogo, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Sheria ndogo haianzi kutumika hadi waziri mwenye dhamana aidhinishe na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Ukitozwa faini, una haki ya kuuliza ni sheria ndogo ipi na imetangazwa lini. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Nenda hata mara moja ukakae nyuma usikilize.

7. Na mbunge?

Ni mjumbe wa baraza la halmashauri yake, na Bungeni anapitisha sheria na bajeti za wizara. Kwa mtaro mmoja si mtu wa kwanza kumwendea. Kwa barabara kuu, mto au mradi wa kitaifa, mwendee.

8. Bwana afya ana mamlaka gani?

Afisa afya, ambaye wazee wetu bado wanamwita bwana afya au bibi afya, anaweza kukagua nyumba, mgahawa, bucha, kisima na choo chako. Anaweza kuandika ilani ya kurekebisha, na kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 pamoja na sheria ndogo anaweza kukufikisha mahakamani.

Lakini thamani yake kubwa ni kile anachokijua. Ndiye anayezunguka mitaani akajua ni uchochoro upi hauna hata nafasi ya gari la kunyonya majitaka kupita. Taarifa yake ikifika mezani kwa afisa mipango miji, ramani inakuwa na maana. Wawili hawa wakifanya kazi bila kusemezana, tunapata barabara nzuri inayopeleka maji nyumbani kwa watu.

## Taasisi, na nani mwenye nini

9. Mtaro wa mbele ya nyumba yangu umeziba na majitaka yanatiririka. Niende wapi?

Hili ndilo swali linaloongoza, na lina uchungu, kwa sababu watu huzungushwa. Anza kwa kutazama barabara yenyewe. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, mfano Morogoro, Kilwa au Mandela, ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu, na mtaro wake pia. Kama ni ya mtaani, iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 kuchukua barabara za mijini na vijijini ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri.

Kama kinachotiririka kimetoka kwenye chemba ya bomba la umma la majitaka, ni DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka. Kama kimetoka kwenye choo cha jirani anayetapisha mvua ikinyesha, ni bwana afya na serikali ya mtaa. Kama mtaro umejaa taka, ni idara ya usafi na mazingira ya halmashauri, pamoja na mzoa taka aliyepewa kata yenu.

Umeona taabu iliyopo: mtaro mmoja una wenyewe watano. Sehemu ndogo tu ya jiji ndiyo yenye mabomba ya majitaka. Sisi wengine tunatumia vyoo vya shimo na septiki, na zikijaa, kila taasisi inaweza kusema kwa haki kabisa kwamba jambo hilo si lake peke yake. Ushauri wangu, na umewahi kutusaidia: andikeni barua moja yenye picha na tarehe, ipitie kwa mtendaji wa mtaa, na nakala ziende kwa taasisi zote zinazohusika kwa pamoja. Kila mmoja akiona jina la mwenzake kwenye nakala, ni vigumu kumtupia.

10. NEMC inaingia wapi?

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira linasimamia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mradi mkubwa lazima ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na majirani wa mradi wanatakiwa kuulizwa maoni. Wakija na karatasi ya mahudhurio, usisaini kabla hujasoma kilichoandikwa juu yake. Kelele za baa na moshi wa viwanda pia hupelekwa huko, ingawa halmashauri nayo ina wajibu wake.

11. Nani aliamua kuleta mwendokasi?

Hakuna mtu mmoja, na ndiyo maana ni mfano mzuri kuliko mwingine wowote tulio nao.

Wazo la mabasi haya yenye njia zake lilianza kusukumwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kleist Sykes akiwa meya, kwa msaada wa kitaalamu wa ITDP, shirika la Marekani linaloshughulikia usafiri wa mijini. Waliitazama Bogotá, nchini Colombia, ambako TransMilenio ilianza mwaka 2000. Mwaka 2007 Serikali ikaunda Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, chini ya TAMISEMI. Benki ya Dunia ilikopesha fedha za awamu ya kwanza, TANROADS ikasimamia ujenzi, na mamlaka ya kudhibiti usafiri, SUMATRA ya wakati huo, leo LATRA, ikapanga nauli. Kampuni ya UDA-RT, iliyowaunganisha UDA, kampuni ya mabasi ya jiji, na vyama vya wenye daladala, ikapewa uendeshaji wa mpito. Mei 2016 mabasi yakaanza kupita kwenye njia ya kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650.

Njia hiyo ilikuja na barabara za waenda kwa miguu na baiskeli, jambo ambalo jiji letu halikuwahi kulipata kwa urefu ule. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa. Mama anayeuza samaki Feri na kulala Kimara alirudishiwa saa nzima au zaidi kila siku, na saa hiyo ni afya yake na ya wanawe.

Sasa upande wa pili. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, katikati ya uwanda ambao Msimbazi umekuwa ukifurika tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mabasi yalizama, huduma ikasimama, na kila mvua kubwa barabara ya Morogoro ikafungwa pale. Mkazi yeyote wa Jangwani angeweza kuonyesha kwa kidole maji yanafika wapi. Karakana hiyo inanifundisha kwamba orodha ya wanaotunga sera inaweza kujaa mameya, mabenki na wahandisi, na bado akakosekana mtu mmoja mwenye jibu.

## Pesa

12. Je, ni Benki ya Dunia inayotupangia jiji?

Mkopeshaji hapigi kura kwenye baraza, lakini masharti yake hufanya kazi kama sera. Anataka tathmini ya mazingira, mpango wa fidia, na mitaro inayokidhi vipimo fulani. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, ambao Benki iliuidhinisha mwaka 2015 kwa mkopo wa dola milioni 300, ulijenga barabara, mitaro na masoko kwenye manispaa. Mradi wa Bonde la Msimbazi uliidhinishwa 2022. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo iko kwenye awamu ya pili ya mwendokasi, njia ya Mbagala.

Uzuri wake ni kwamba nyaraka za miradi hii hutangazwa, pamoja na utaratibu wa malalamiko, na mwananchi wa kawaida anaweza kuutumia. Ubaya ni kwamba mradi una mwisho, mtaro hauna. Mkandarasi akiondoka, anayezibua ni halmashauri au TARURA, kwa pesa za ndani.

13. Kodi ya jengo ninayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, inarudi mtaani kwetu?

Zamani halmashauri zilikusanya kodi hii zenyewe. Julai 2016 kazi ikahamia Mamlaka ya Mapato, TRA, na tangu Agosti 2021 inakatwa unaponunua umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Makusanyo huingia kwanza serikali kuu. Ni rahisi kulipa, sikatai, lakini uhusiano kati ya kodi ya nyumba yako na taa ya barabara iliyo mbele yake umekuwa mrefu sana. Diwani hawezi kukuambia "kodi yenu ya mwaka jana imejenga hiki", na mwananchi asiyeweza kuifuata pesa yake huacha kuuliza.

Ada ya taka ni kitu kingine. Iko kwenye sheria ndogo ya halmashauri, na risiti ni haki yako.

## Wasio na ofisi lakini wenye nguvu

14. Kuna wananchi waliowahi kubadilisha sera kweli, au tunapeana moyo tu?

Wapo. Miaka ya 1980 taka za jiji zima zilimwagwa Tabata, katikati ya makazi. Moshi, nzi na harufu vikawashinda wakazi, wakaenda Mahakama Kuu. Kesi hiyo, ya madai namba 299 ya mwaka 1988, iliisha kwa amri ya kusitisha kumwaga taka. Jiji likaomba kuongezewa muda tena na tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akisema hajapata kusikia mamlaka ya umma ikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliihusisha haki hiyo na ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Ilikuwa miaka michache tu tangu Haki za Binadamu zianze kudaiwa mahakamani kwetu.

Jiji likapeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, 795 kwa pamoja, nao wakafungua shauri, nao wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi.

Nawaheshimu sana wakazi wale. Lakini tazama safari yenyewe: kila dampo lilipofungwa kwa kudai haki, lilihamia kwa watu wengine. Kushinda kesi kunaweza kusimamisha ubaya. Kupata dampo linalostahili, au kupunguza taka zenyewe, kunahitaji baraza, bajeti na wataalamu. Kwa hiyo anayeshinda mahakamani bado ana safari ya kwenda kwa diwani (swali la 6).

15. Wanafunzi na vyuo vinachangia nini?

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka mitaa pamoja na wakazi, wakachora mitaro, nyumba, vyoo na alama za maji ya mafuriko, na ramani ikawekwa wazi kwa yeyote. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya nchi, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia walishiriki. Kabla ya hapo, mitaa mingi isiyopimwa ilionekana kwenye ramani rasmi kama doa tupu, na takriban asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanakadiriwa kuishi kwenye makazi ya namna hiyo. Mtaa usio kwenye ramani ni vigumu kuutengea mtaro.

Jambo lingine ninalolipenda ni kazi ya Amend, shirika la usalama barabarani, kwenye shule za msingi. Walihesabu wapi watoto wanagongwa, wakajenga njia za miguu, matuta na vivuko mbele ya shule. Mwaka 2019 mpango wao ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti wa mazingira. Hakuna kilichokuwa ghali. Kilichohitajika ni mtu kuuliza mtoto wa darasa la pili anavuka wapi.

16. Wazoa taka, machinga na madereva wa daladala ni wadau au ni kero?

Ni wadau. Tangu miaka ya 1990 ukusanyaji wa taka ulianza kukabidhiwa kampuni na vikundi vya mitaani, na kwenye vichochoro ambako lori haliingii, kijana mwenye mkokoteni ndiye huduma yenyewe. Wanaookota chupa za plastiki hupunguza mzigo wa dampo bila mshahara wa mtu. Daladala na bajaji bado zinafika kusikofika mwendokasi.

Sera iliyoandikwa bila wao hukwama kwenye utekelezaji. Wamachinga walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000 kuanzia mwishoni mwa 2018, wakaambiwa wasisumbuliwe. Mwaka 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara. Waenda kwa miguu walipata nafasi, na walistahili. Lakini mteja wa machinga ni mtu anayeshuka kwenye basi, na soko lililo mbali na kituo hubaki tupu hata lingekuwa zuri namna gani.

## Hali zenye utata

17. Nyumba yangu iko bondeni na imewekwa alama ya X ya kubomolewa. Nina sauti yoyote?

Unayo, ila inategemea nini kimeandikwa kwenye karatasi. Hati miliki, leseni ya makazi, na barua ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa havina uzito sawa. Uliza kwanza X imewekwa na nani: TANROADS kwa hifadhi ya barabara, NEMC kwa mita 60 za kingo za mto, au halmashauri. Kila mmoja anatumia sheria yake, na rufaa zake ni tofauti.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu wapatao 40, familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Baadhi zilirudi bondeni, kwa sababu kibarua chao kilikuwa Kariakoo na Mabwepande ni mbali. Bomoabomoa ya Desemba 2015 ikafuata. Kumwondoa mtu kwenye hatari ni jambo la afya, hakuna ubishi. Kumwondoa bila kufikiria atafikaje kazini ni kuhamisha hatari tu. Nendeni kwa msaada wa kisheria mapema, kama kundi, kabla ya siku ya tingatinga.

18. Kiongozi mkuu akitoa agizo, mchakato wote huu una maana gani?

Aprili 2019 Waziri Mkuu alitangaza Bungeni kwamba mifuko ya plastiki itapigwa marufuku, na tarehe 1 Juni ikawa hivyo. Zanzibar na Rwanda walitangulia kwa miaka mingi, Kenya tangu Agosti 2017. Mitaro yetu ilinufaika haraka. Kwa hiyo agizo kutoka juu linaweza kuwa jema.

Lakini agizo hilo lilikaa kwa sababu lilifuatiwa na kanuni, adhabu, ukaguzi wa NEMC na watu waliokuwa tayari kushona mifuko mbadala. Agizo lisilo na bajeti wala sheria ndogo hudumu hadi mwenye kulitoa ahamishwe.

19. Mimi ni mpangaji. Nina haki ya kusema kwenye mkutano wa mtaa?

Ndiyo. Mkazi yeyote wa mtaa mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano wake. Na wapangaji ndio mnaojua choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi. Mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi wilaya nyingine.

20. Kuna jiji jirani lililofanya vizuri zaidi kuliko sisi?

Tazama Mukuru, Nairobi. Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru, yenye zaidi ya kaya 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi lililoanza 1996, lilikuwa limekusanya takwimu kwa miaka: nani anauza maji, kwa bei gani, umeme unatoka wapi. Ilidhihirika kwamba maskini wa Mukuru wanalipia maji ghali kuliko wenye mabomba kwenye mitaa ya wenye nacho. Vyuo vikuu, mawakili, wahandisi na maofisa wa kaunti waligawanywa kwenye makundi ya kazi, na wakazi wakajipanga kuanzia kaya kumi kumi.

Nasi nyumba kumi tunazijua tangu zamani. Tofauti ni kwamba Mukuru zilitumika kupanga mabomba na barabara, na wapangaji walikaa humo pamoja na wenye nyumba.

21. Nikitaka jambo liingie kwenye bajeti, niende lini?

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini ukifika ofisini mwezi wa sita umechelewa kwa mwaka mzima. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa kati ya Oktoba na Desemba. Halmashauri hujadili Januari na Februari, kisha mkoa, TAMISEMI na Hazina, na Bunge hukaa kuanzia Aprili.

Kwa hiyo mvua za vuli zikianza, piga picha maji yakiwa barabarani. Mpelekee mwenyekiti, dai ajenda kwenye mkutano wa mtaa, hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari, na omba nakala. Januari mpigie diwani umwulize hoja imefika kamati gani. Kama jibu ni kwamba jambo hilo ni la TARURA au DAWASA, rudi swali la 9, andika barua, na weka nakala kwa diwani huyohuyo.

22. Nimefanya yote hayo na hakuna kilichotokea.

Imetutokea pia. Mtaro wetu ulikataliwa bajeti mbili mfululizo, ukapita ya tatu, baada ya walimu wa shule jirani kuja na daftari la mahudhurio kuonyesha watoto wangapi hawakufika siku za mafuriko. Tafuta nani mwingine anaumia na jambo hilohilo, mwenye kumbukumbu ambazo wewe huna: zahanati, shule, msikiti, kanisa, kituo cha bodaboda. Nendeni pamoja mwezi wa kumi.